Bibi Mbodze na Njia ya Chumvi

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya watu wanaougua? Narudia, na mara hii nisikie vifua. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ya kweli, kabla babu wa babu yangu hajaota ndevu, palikuwa na kijiji. Jina lake msiniulize. Kila nikisimulia hutokea mtu akauliza jina la kijiji, kana kwamba anataka kwenda. Na hajawahi kwenda mtu.

Katika kijiji hicho aliishi bibi mmoja, Bibi Mbodze. Kazi yake ilikuwa kuosha miguu. Msafiri akirudi, au mgeni akipita, anakalishwa kwenye kigoda, Bibi Mbodze analeta maji ya moto kwenye bakuli la mti, anainama, anaosha. Chubwi, chubwi. Kisha watu wote wanakaa chini, msafiri anasimulia, na kwa siku saba hagusi jembe. Ndiyo ilikuwa desturi.

Na palikuwa na mwiko. Mwosha miguu hasemi alichokiona kwenye miguu ya mtu. Na mwosha miguu hasafiri. Akisafiri yeye, nani ataosha?

Miaka arobaini aliosha. Miaka arobaini alisikia habari za milima, za masoko, za watu wanaokula nyoka. Alizisikia huku ameinama, akitazama vidole vya watu. Alitamani kwenda. Hakuna aliyemuuliza.

Sasa palikuwa na mtu, Chengo, mwanamume mzima mwenye ndevu na mke. Huyu alisafiri kuliko wote. Anatoweka mwezi mzima, anarudi, anakaa kwenye kigoda, anaanza. Ameona ziwa la maziwa. Ameona ndege anayelia kwa sauti ya mkwe wake. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Bibi Mbodze anaosha. Chubwi, chubwi. Anatazama visigino. Laini kama vya mtoto mchanga. Hakuna magaga. Hakuna mwiba. Matope ni ya mto wa hapo chini, anakochota maji yeye mwenyewe kila asubuhi.

Akanyamaza, maana ni mwiko. Lakini alikasirika, jamani. Aliudhika mpaka maji yakamwagika.

Ukaja mwaka ambao wachukuzi wa chumvi hawakupita. Walikuwa watu wa mbali. Walizunguka vijiji vingi na chumvi yao kichwani, mwaka huu wanaingia kwa mlango huu wa kijiji, mwaka ujao kwa ule. Mwaka huo hawakuonekana. Mwaka wa pili hawakuonekana. Mbuzi wakaanza kuramba kuta. Wakaramba jasho migongoni mwa watu. Watoto wakavimba miguu, wazee wakalegea, na mboga zikawa hazipiti kooni.

Wazee wakauliza, "Nani anajua chumvi inatoka wapi?"

Chengo akasema, "Mimi nimefika. Ni kusini. Nyookeni siku tatu. Maji yapo kila mahali, hamna haja ya kubeba."

Basi wakachaguliwa watu saba. Wenye nguvu, wenye watoto. Wakaambiwa wajiandae, watatoka kesho kutwa, kusini, bila maji.

Bibi Mbodze alikuwa pale na bakuli lake. Akawatazama wale saba. Maharusi nao alikuwa akiwaosha, na kila mmoja wa hawa alikuwa amemwosha siku ya harusi yake. Akaona, nikinyamaza hawa wanakufa. Na nikisema, nimevunja mwiko, na hawataniamini, maana huyu mwenye ndevu wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi.

Akaweka bakuli chini. Kwa!

"Nitakwenda mimi kwanza," akasema. "Mimi na Chengo, wawili tu. Tukirudi na chumvi, hao saba watoke."

Mzee mmoja akasema, "Mbodze, wewe husafiri."

"Leo nasafiri."

"Na miguu ya watu?"

"Mikono mnayo."

Chengo akaanza kukohoa. Mara mgongo unamuuma. Mara mke wake ameota vibaya. Bibi Mbodze akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa kibuyu cha maji abebe, akamwambia, "Ongoza."

Wakatoka. Kwachu, kwachu, kwachu. Kusini.

Chengo akapumzika kwenye kichuguu cha kwanza. Akapumzika kwenye cha pili. Kwenye cha tatu akala viazi vyake vyote, akatazama vya bibi. Jua halijafika utosini. Bibi Mbodze alikuwa amesimama juani akimtazama, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anaona uso wa msafiri badala ya vidole vyake. Haukumpendeza.

Kwachu, kwachu. Mbele hakuna njia tena. Ni nyasi tu.

Chengo akaketi chini. "Bibi, nikwambie kitu."

"Niambie."

"Mimi sijawahi kufika huku."

"Najua. Nimekuosha miguu mara tano. Ulikuwa wapi?"

"Kwa shangazi yangu. Nyuma ya kile kilima. Analima mihogo."

"Mwezi mzima?"

"Anapika vizuri."

Bibi Mbodze akavuta pumzi. "Na lile ziwa la maziwa?"

"Nililitunga. Nikisimulia, watu wananitazama. Nisiposimulia hakuna anayenitazama."

"Nililipenda ziwa lile," akasema bibi. "Nilijua ni uongo, nikalala nikiliota. Hicho ndicho kinachonikera. Simama."

"Tunarudi nyumbani?"

"Tunakwenda kutafuta chumvi."

"Lakini hata wewe huijui njia, Bibi."

Sikilizeni hapa, na wewe unayesinzia pale nyuma, sikiliza pia. Bibi Mbodze hakuijua njia kwa macho. Aliijua kwa mikono. Wachukuzi wa chumvi aliwaosha kila mwaka, na maji ya kwanza yalitoka mekundu. Ya pili yalitoka meusi, udongo unaonata, na chini ya udongo ule, katikati ya vidole, palikuwa na ukijani wa majani ya majini. Ya mwisho yalitoka meupe. Uchafu wa juu ni wa karibu. Uchafu wa chini ni wa mbali.

"Udongo mwekundu uko wapi?" akamuuliza Chengo.

"Upande jua linakozama. Kila mtu anajua."

"Basi sisi tunafanya nini kusini?"

Wakageuka. Kwachu, kwachu. Wakaukanyaga mwekundu siku nzima, na miguu ya Chengo ikatoka malengelenge, akalalamika. Wakaukanyaga mweusi siku nzima, ukavuta viatu vyake, akalalamika. Kibuyu kikakauka. Chengo akalia kabisa, akasema wanakufa.

"Tafuta kijani," akasema bibi.

"Kijani gani kwenye nyika hii tupu?"

"Watu walikuja kwangu na kijani vidoleni. Walikipata hapa. Acha kulia, tafuta."

Akatafuta huku akilia. Nyuma ya mwamba akaona matete. Chini ya matete, maji. Gu, gu, gu, akanywa kama ng'ombe.

Na kesho yake, mweupe. Mweupe mpaka macho yanauma. Bibi Mbodze akainama, akachota kidogo, akaweka ulimini. Akalia. Kisha akakasirika kwa kulia mbele ya Chengo.

Wakajaza mfuko. Chengo akaushika, akageuka nyuma. Bibi hakugeuka. Alikuwa anatazama mbele, ng'ambo ya ule weupe, ambako palikuwa na vilima na moshi mwembamba wa watu wanaopika.

"Ule moshi ni wa nani?"

"Sijui, Bibi. Twende zetu."

"Hata mimi sijui. Miaka arobaini, na hakuna aliyewahi kuniletea udongo wa kule." Akajifunga kanga. "Nenda. Njia unaijua."

"Nikirudi bila wewe watasema nimekuua."

"Waambie ukweli."

"Mimi? Nani ataniamini mimi?"

"Hilo ni lako, mwanangu. Umelilea mwenyewe."

Akaenda. Bibi mzima, peke yake, kwachu, kwachu, wala hakutazama nyuma.

Chengo akarudi na mfuko wa chumvi. Wakamweka kwenye kigoda, akakataa kukaa. Akasema, "Ile ya kusini niliitunga. Ni upande jua linakozama. Udongo mwekundu siku moja. Mweusi siku moja. Maji yako nyuma ya mwamba, penye matete. Kisha chumvi. Bibi ni mzima, yu hai, ameendelea mbele."

Hawakucheka. Chumvi waliiona, lakini maneno yake hawakuyaamini pia. Chengo akasema, "Nifungeni kamba kiunoni, nitangulie. Siku ya pili msipoona maji, niacheni hukohuko."

Wakamfunga kweli. Wale saba wakatoka naye, na maji wakabeba. Siku ya pili wakanywa penye matete, wakamfungua kamba. Wakarudi na chumvi ya kutosha watu na mbuzi, na watoto wakapona.

Mvua zikanyesha, zikaisha. Ndipo Bibi Mbodze akarudi. Amekonda, ana vumbi la rangi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Kijiji kizima kikakusanyika. Maji ya moto yakaletwa. Watoto wakakaa mbele. Mzee akasema, "Haya Mbodze, tusimulie. Kuna nini kule kwenye moshi?"

Bibi akawatazama, mmoja mmoja, walivyokaa.

"Nimesimuliwa miaka arobaini," akasema. "Inatosha. Kule kuna njia. Mkitaka kujua kuna nini, nendeni."

Akaingia ndani, akalala.

Hadithi hii inasema hivi: habari za safari ni tamu, lakini ni za aliyekwenda. Mimi mwenyewe nimewasimulia tangu mlipokula, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha goti. Ngano yangu naitua hapa. Anayetaka zaidi, miguu anayo.