Mnyama wa Shaba Aliyeachwa na Hilali

Siku ya Jumatatu, mwezi tatu Rajabu, saa kumi na robo ya alasiri, katika mji wa Sitara, zama za Sultani Ghalibu bin Nasri, fundi Hilali bin Mbaruku aliinamisha kichwa juu ya meza yake kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, na hakukiinua tena. Mkononi alikuwa ameshika uzi wa shaba, na mkewe, Bi Zuwena, alipoufungua mkono ule, uzi ulikuwa bado na joto.

Kazi ya Hilali ilikuwa kushona matandiko ya farasi, na hiyo ndiyo iliyowalisha. Lakini kila baada ya sala ya alasiri alijipa raha yake, nayo ni kutengeneza wanyama wadogo wa shaba, wa kiasi cha kiganja, waendao kwa miguu yao wenyewe. Zamani alimfungua jini mdogo, jina lake Barkushi, aliyekuwa amezibwa kwa risasi ndani ya dele la kahawa, na jini akala kiapo cha kuitumikia nyumba ile. Kwa kila mnyama alitoa cheche moja na shanga nne, shanga moja kwa kila mguu. Na shanga ile haikujua kutembea. Ilijua jambo moja tu: ikifikiwa na cheche, huinua mguu wake, kisha huushusha na kuiachia cheche ipite kwenye uzi.

"Ujinga wao si kitu, mke wangu," Hilali alizoea kusema. "Wapange vizuri tu, watakwenda."

Mnyama wa mwisho Hilali alimwahidi Sultani, abebe pete siku ya ndoa ya binti yake, Nasiba, mwezi kumi na nne Mfunguo Pili. Hilali alikufa huku mnyama ana mwili na miguu tu, na cheche na shanga zake zimelala kisahanini.

Sultani akatuma waziri na rambirambi, na waziri akasema, "Maulana anakusalimu, na anasema ahadi imeondoka na mwenyewe. Hakudai kitu."

Bi Zuwena akajibu nyuma ya pazia, maana yumo edani, "Mwambie Maulana namshukuru. Lakini mume wangu hakupata kumwacha mtu akimngoja. Mnyama ataletwa."

Waziri alipotoka, Barkushi akachungulia mdomoni mwa dele. "Ewe binti Adamu, umesema kubwa. Kiapo changu kinakwisha na eda yako, miezi minne na siku kumi. Jua la siku ya mwisho likizama mimi nakwenda zangu, na cheche ambayo haijatembeza mnyama nakwenda nayo. Iliyokwisha tembeza ni ya mnyama mwenyewe, siigusi."

Bi Zuwena hakuwa fundi. Alikuwa amekaa tu miaka kumi na tisa ubavuni mwa fundi, akimshikia taa na kumtilia chai. Akafikiri: watu wengi, kila mtu na sehemu yake, kazi ikatimia, hii ni kama hitima. Mwalimu hugawa majuzuu, na kila mmoja husoma lake, na Kurani ikakhitimiwa. Basi akaiweka cheche katikati, akazifunga shanga zote nne kwenye cheche hiyo. Mnyama akainua miguu yote minne kwa pamoja, akaanguka kwa tumbo. Akafungua, akafunga upya. Akaanguka. Rajabu ikapita, na Shaabani, na Ramadhani, na Mfunguo Mosi, na mnyama bado anaanguka.

Jirani yake, Bi Kiponda, alimtazama mnyama, akasema, "Shoga, huyu si farasi. Huyu ni sinia la vikombe limemponyoka mtu."

Bi Zuwena akacheka, na ndiyo mara yake ya kwanza kucheka tangu Rajabu, kisha akalia.

Zilipobaki siku mbili Barkushi akaja kwa sauti ya upole. "Nitamtembeza mimi, na nitamtia na sauti ya Hilali, akuite kama alivyokuita."

Bi Zuwena aliitamani sauti ile kuliko maji. Lakini akasema, "Sauti yake ameichukua Aliyempa. Niachie shanga zangu."

Siku ya mwisho ya eda wanawake wa mtaa walimsomea marehemu hitima, na baada ya dua, kabla ya chakula, wakapitishiana birika la kunawia. Bi Kiponda akaunyosha mkono mapema, na mwenzake akamwambia, "Ngoja wewe! Sijamaliza kunawa, umeshanipokonya. Huo mchuzi haukimbii!"

Bi Zuwena akalitazama birika linavyozunguka: huyu ananawa, amemaliza, anampa wa ubavuni; hakuna apokeaye kabla mwenzake hajamaliza. Akainuka akaacha wageni na sinia. Akaifungua cheche pale katikati, akazifunga shanga kwa duara, kila moja kwa jirani yake, ya nne ikarudi kwa ya kwanza, na cheche akaitia kwenye hiyo ya kwanza. Na jua limegusa kuta za magharibi.

Mnyama akainua mguu mmoja, akaushusha. Akainua wa pili.

"Anakwenda," akasema Barkushi taratibu. "Hilali angefurahi." Kisha dele likawa tupu.

Siku ya ndoa mnyama alipita juu ya zulia la kifalme na pete mgongoni, polepole, na baraza zima likamngoja. Nasiba hakustahimili, akashuka kitini, akakaa chini, akamtandikia kiganja. Sultani akafuta macho, akasema, "Ewe Bi Zuwena, omba nyumba, omba dhahabu."

Akajibu, "Maulana, kila mwezi tatu Rajabu mume wangu asomewe hitima."

Akapewa hilo, na nyumba, na dhahabu, na wasichana wa mji wakaja kwake kujifunza kufunga shanga. Nasi tujue kwamba hakuna ajuaye mwendo wote. Mtu hupokea, hufanya lake, humwachia mwenziwe.

Ewe Mola, mrehemu Hilali bin Mbaruku, lipanue kaburi lake na ulitie nuru, na uwarehemu wetu waliotutangulia, wale ambao mikono yao tuliifungua ingali na joto. Amin.