Wakala Aliyebisha Hodi

Kitendawili hiki ni chako wewe unayesoma: nina nyumba yenye vyumba mia tatu, wapita njia huusifu mlango wake, lakini wanaoingia ni wachache. Fikiri kidogo. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Voi? Ahsante. Nimekwenda Voi, nimekula, nimeshiba, na nimerudi na jibu: ni kitabu. Na kwa kuwa wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, hebu sikiliza yaliyompata mwenye nyumba hiyo.

Katika miaka ya sabini, mtaani Kaloleni mjini Voi, aliishi binti aliyeitwa Jedidah, karani wa simu katika posta. Kila jioni, baada ya kuwaunganisha watu wengine na maneno yao, aliketi kuandika ya kwake, hata akamaliza riwaya yake ya kwanza. Aliiandika kwa mkono. Nakala ilikuwa moja tu, naye aliifunga kwa kitambaa cha meza kama mtoto mchanga. Kilichobaki ni kupata wakala, mtu wa kuupeleka mswada kwa wachapishaji Nairobi na kumsemea, kwa maana yeye hakumjua huko hata bawabu.

Aliambiwa habari za Bi Khalayi, aliyekuwa mhariri Nairobi kabla mumewe, fundi wa reli, hajahamishiwa Voi. Mlangoni pake hapakuwa na kibao chochote, ila waandishi walimfuata kama siafu wafuatavyo mafuta. Bi Khalayi alikaa na mswada muda mrefu, kisha akaurudisha umejaa alama za penseli. Sura ya tatu inalala, alisema. Shangazi anatoweka katikati bila kuaga mtu. Mwisho umekuja mbio kama anayekimbia mvua.

"Nikiupeleka hivi ulivyo, utarudishwa," alisema. "Utengeneze, kisha uje."

Hakumsindikiza hata hadi kizingitini. Jedidah alirudi kwake machozi yakimlengalenga, asijue kama amesaidiwa au ametukanwa.

Kabla machozi hayajakauka, hodi ilipigwa. Alikuwa bwana mmoja aitwaye Donald, suti ya kijivu, mkoba wa ngozi, viatu vinavyong'aa kama jicho la paka. Alisema yeye ni wakala wa waandishi na kwamba sifa za Jedidah amezisikia kanisani. Aliupima mswada mkononi kama mtu anunuaye nyama, akafungua ukurasa wa kwanza, akaufunga.

"Dada Jedidah, kitabu hiki kitaliza nchi nzima."

Alimwambia kuwa Jumamosi adhuhuri angepanda na mswada huo basi la Nairobi, mradi tu atie sahihi karatasi ya kumwachia haki zote za kitabu.

Jedidah alichanganyikiwa kama kuku mgeni. Kwao Wusi, kijiji cha milimani Taita, binti huposwa, hajiposi. Mtu akija mwenyewe mlangoni, si ndiyo heshima? Ijumaa akapanda mlimani kwa Nyanya Tryphena, akamkuta akichambua maharagwe.

"Kizuri chajiuza, Nyanya," alijitetea. "Kitabu changu kimejiuza, ndiyo maana Donald amekuja."

Nyanya hakubisha. Alimkumbusha jinsi watu wa milimani, kwa kukosa malisho, walivyokuwa wakiwaweka ng'ombe wao kwa marafiki wa tambarare. Mwenye zizi hupata maziwa, mwenye ng'ombe hupata ndama.

"Babu yako alipotaka kumweka ng'ombe wetu, mtu mmoja alipanda hadi hapa. Akamsifu pembe, akamsifu ngozi, hata mkia akausifu. Mwingine hakuja. Babu yako alimfuata mwenyewe kule Ndara tambarare, naye akauliza tu: je, anapiga teke akikamuliwa? Chuchu ipi imekauka? Haya, mjukuu wangu, ng'ombe wetu alilala zizi la nani?"

Jedidah alisema la yule aliyemsifu. Kisha akasema hapana, la yule mwingine. Kisha akasema hajui. Nyanya akarudi kwenye maharagwe yake. "Nenda na swali hilo," alisema.

Jumamosi Jedidah alifika stendi na swali lile likimzunguka kichwani kama nzi. Donald aliutia mswada mkobani, akampa Jedidah kalamu atie sahihi, kisha akamgeukia Mzee Obadiah, mfugaji wa Ndara, aliyesimama na bahasha yake kwapani.

"Mzee wangu, kitabu hiki kitaliza nchi nzima."

Mzee Obadiah akavua kofia, akajikuna. "Kitamliza nani, mwanangu? Mimi nimeandika juu ya kupe."

Donald hakupepesa jicho. "Hata kupe, Mzee, wana uchungu wao."

Mama muuza ndizi aliangua kicheko. Jedidah hakucheka. Kalamu ilimtoka mkononi. Aliomba mswada wake, Donald akamwambia basi linaondoka na bahati haingoji mtu. Lakini mkono wa Jedidah ulikuwa tayari mkobani. Alivuta kitambaa kwa nguvu zake zote, kurasa zikamwagika kwenye vumbi jekundu, naye akapiga magoti kuziokota huku basi likiondoka na Donald. Alipoinuka hakujua kama ameiokoa riwaya yake au ameifukuza bahati.

Ili atulie, aliisoma upya. Kweli sura ya tatu ilikuwa inalala. Kweli shangazi alikuwa ametoweka. Alitengeneza mpaka mvua za masika zikapita, kisha akaenda kubisha hodi kwa Bi Khalayi. Bi Khalayi alisoma, akaitikia kwa kichwa polepole. "Sasa huyu shangazi ni mtu," alisema, akauchukua mswada. Wachapishaji wawili waliukataa. Naye hakuchoka, akaupeleka kwa wa tatu.

Kitabu kilipotoka, Jedidah alikipandisha Wusi. Nyanya Tryphena alipapasa jalada bila kulisifu. "Nifungulie, nisomee ndani," alisema.

Jedidah alisoma hadi sura ya tatu, kisha akaacha kidole kwenye mstari na kuinua macho.

"Nyanya, lile swali. Ng'ombe wetu alilala zizi la yule aliyeuliza kama anapiga teke. Yule mwingine alikuwa na kiu ya maziwa tu. Na kitabu changu hakikujiuza siku ile. Kilikuwa kimelala kwenye kitambaa cha meza. Aliyekuwa akijiuza mlango hadi mlango ni Donald. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."