Wanyama Walipoitwa Kula Kiapo

Waraka Namba Saba Kuhusu Utaratibu wa Kuinamisha Shingo Wakati wa Kunywa Maji.

Ndivyo ulivyoitwa, jamani. Msinicheke mimi, sikuuandika. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Na kisima!

Cha nani?

— Ndicho tulichokuja kusikia!

Hapo kale, wanyama walichimba kisima chini ya kilima chenye migunga. Tembo akachimba, Ngiri akachimba, hata Kobe akachimba. Alifika siku ya mwisho, lakini alichimba. Fisi hakuchimba. Fisi alikwenda kukiandikisha kwa jina lake.

Akarudi na hati. Sharti likawa hili: ukitaka funda moja, kata mgunga mmoja, Fisi achome mkaa. Wakakata, wakanywa. Wakakata, maji yakashuka. Wakakata, kikabaki kidimbwi cha tope. Bandu bandu huisha gogo.

Bi Digidigi alikuwa na mtoto wa siku tatu, na maziwa yamemkaukia. Akamwendea Fisi.

"Mzee Fisi, nisaidie funda moja. Mtoto hapati kitu."

"Mti uko wapi?"

"Mimi nakufika magotini. Mti nitaukata kwa nini, kwa kope?"

"Basi ngoja mvua."

"Mvua ilikuwa ikifuata hiyo miti."

Fisi akacheka. Mnamjua Fisi, hucheka hata msibani.

Lakini manung'uniko yalizidi, ndipo akatoa ule waraka, wenye shingo kwenye jina tu. Karani Korongo, mguu mmoja juu kama kawaida yake akiwa kazini, akausoma: "Kesho asubuhi kila kiumbe, bila ubaguzi, afike kisimani, ale kiapo cha kumtambua mwenye kisima. Kiapo kimeandikwa mwishoni mwa hati yenyewe."

Bi Digidigi akainua kwato. "Bwana Karani, hata viumbe wadogo kabisa?"

"Bila ubaguzi, mama. Husikii Kiswahili?"

"Nasikia sana. Na wale?"

"Wale kiapo chote, wasibakize neno!"

Huyoo Bi Digidigi, mpaka kwenye kichuguu. "Hodi wenyewe! Mmealikwa kula."

Asubuhi hati ikatandazwa juu ya jiwe. Mchwa wakapanda. Wakala jina la Fisi. Wakala muhuri. Wakala kiapo, nukta na yote.

"Karani!" Fisi akaruka. "Wanakula hati yangu!"

Korongo akausoma waraka, akaugeuza, akausoma tena. "Agizo linasema wale, mzee. Wametii."

"Kisima ni changu!"

"Hati iko wapi?"

"Si umeiona ikiliwa?"

"Utaratibu ni utaratibu. Bila hati, sikujui."

Bi Digidigi akapanda juu ya jiwe. "Nani alichimba?"

"Sisi!"

"Nani anazoa tope?"

"Sisi!"

"Na nani alikata miti?"

Tembo akamtazama Ngiri, Ngiri akatazama kwato zake. Mnawajua watu wanaojijua? Kobe akatoa shingo. "Ni sisi pia."

"Basi tuache."

Wakaacha. Bi Digidigi akanywa wa kwanza. Wakapangiana zamu: ya kuzoa tope, ya kupanda miche, ya kunywa. Fisi naye ana zamu zake. Ile ya kunywa hajawahi kuchelewa.

Hadithi yangu imefika ukingoni mwa kisima. Ikiwa tamu, gawaneni bila hati; ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.

Karani aliandika daftarini: "Zoezi la kiapo limekamilika kwa mafanikio." Kilichotokea ni kwamba mchwa walikula karatasi, na mtoto wa Digidigi akanyonya.