Malisho ya Sardaana Yaliyozama

Hapo zamani, huko kaskazini ya mbali, ambako ukichimba kidogo tu jembe hugonga barafu hata jua likiwaka, aliishi mjane aitwaye Sardaana. Alikuwa na farasi kumi na malisho mapana. Mwaka mmoja malisho yakaanza kuzama. Barafu ya chini iliyeyuka, ardhi ikatitia, ukuta wa nyumba ukainama. Udongo uliokuwa mweusi ukapauka kama jivu. Sardaana akafunga mizigo ahame, huku akilia, maana mumewe alizikwa pale.

Kabla hajaondoka akaja jirani yake Nyurgun, kofia mkononi. Akakumbusha kwamba Sardaana alipougua, akakaa kwa ndugu zake miaka miwili, yeye Nyurgun ndiye aliyeachiwa malisho.

"Nilikuambia majani ya asili yalikufa kwa ukame," alisema. "Nilikudanganya. Niliyang'oa mwenyewe, nikapanda nyasi ya aina moja inayokua haraka, lakini haiifuniki ardhi vizuri, na jua likaifikia barafu. Nilidhani nitakufurahisha."

Sardaana alikasirika, kisha akafungua mizigo. Angalau sasa alijua ugonjwa ulianzia wapi.

Binti yake Tuyaara akatoka kutafuta mbegu. Alizunguka mabonde siku arobaini, akarudi na miguu iliyovimba na aina thelathini: nyasi ndefu, nyasi fupi, maua, na majani yenye maganda kama kunde. Akapanda nusu. Zikachipua, zikanyauka.

Ndipo Keskil, mpwa wa Sardaana, alipochota udongo akaunusa.

"Shangazi, udongo huu umekufa," alisema. "Hauna wale wadogo."

Alimaanisha viumbe ambao jicho haliwaoni, wanaokula mizizi iliyooza na kuigeuza weusi wa udongo. Akapanda kilima ambacho hakijawahi kulimwa, akabeba udongo hai mgongoni, kikapu baada ya kikapu, majira mazima. Watu walimcheka: mtu gani hupelekea udongo udongo? Tuyaara akapanda mbegu zilizobaki, na safari hii zikashika.

Lakini farasi nao waliyataka machipukizi. Nyurgun akawachukua wote kumi kwenye malisho yake, miaka mitatu. Ng'ombe wake wakakonda, naye akanywa chai bila maziwa miaka yote hiyo.

Mwaka wa nne mizizi mirefu na mifupi ilikuwa imefumana. Wale wadogo wakala vya kila namna, na ule weusi wa udongo uliokuwa ukipotelea hewani ukarudi ardhini. Majani yakaifunika ardhi, ikapoa, barafu ikatulia. Nyumba ilibaki imeinama, ila haikuzidi. Farasi wakarudi, na jike mmoja akazaa mtoto mweupe. Sardaana, kwa furaha, akasema atamtoa mtoto huyo kwa aliyeyaokoa malisho. Wakasimama watatu.

"Mama, bila mbegu zangu pangeota nini?" aliuliza Tuyaara.

Keskil akajibu kwamba mbegu hizo hizo zilikufa mara ya kwanza, mpaka yeye alipoleta uhai.

Nyurgun naye akasema: "Kosa ni langu, silikatai. Lakini nisingesema, mngekuwa mmeshahama, na hao wawili wasingejua watibu nini. Na farasi wangemaliza yote."

Tuyaara akasema mwenye kuchoma nyumba hapewi zawadi kwa kuleta maji. Keskil akasema, hata hivyo, maji aliyaleta.

Sardaana akawatazama mmoja mmoja, kamba ya yule mtoto mweupe mkononi. Mtoto wa farasi hagawanywi. Nanyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Je, nani alistahili kukabidhiwa kamba ile?