Jibu la Msengi

Mrina asali mmoja alikuwa na wana wawili, Kitundu na mdogo wake Msengi. Alipozeeka, wanawe walichukua kazi yake. Wakatundika mizinga ndani ya msitu wa hifadhi, mahali ambapo serikali ilikataza watu kuingia.

Jioni moja, ndugu hao wakiwa msituni, mchuuzi wa ng'ombe aliuawa njiani akitoka mnadani. Asubuhi ya siku hiyo Kitundu alikuwa amegombana naye mbele za watu, kwa hiyo akakamatwa. Mahakamani alisema kweli: jioni ile alikuwa kwenye mizinga pamoja na mdogo wake. Msengi akaitwa, akaapishwa, akaulizwa. Akawafikiria askari wa misitu, akaogopa kufungwa. Tena alijiambia kwamba kaka yake hana hatia, na mtu asiye na hatia hawezi kunyongwa. Akajibu kwamba jioni ile alikuwa nyumbani, na kwamba hajui kaka yake alikuwa wapi.

Jaji akamtia Kitundu hatiani. Kwa kosa la kuua kwa kukusudia, sheria haikuruhusu adhabu nyingine ila kunyongwa. Akamweleza pia kwamba ana haki ya kukata rufaa.

Neno hilo lilimfariji Msengi. Alidhani rufaa ni kesi kuanza upya, mashahidi waitwe tena, na safari hii atasema. Basi akangoja. Kaka yake naye akangoja, katika chumba cha waliohukumiwa kufa, akishtuka kila kufuli lilipofunguliwa. Miaka ikapita. Baba yao akafa kabla ya rufaa kusikilizwa.

Siku ilipofika, majaji walikuwa watatu, na hapakuwa na shahidi hata mmoja. Wakili wa Kitundu akawaomba wamsikilize Msengi, kwa kuwa sasa alikuwa tayari kusema kweli. Majaji wakanong'onezana. Kisha mkubwa wao akamtazama Msengi, bila hasira.

“Uliulizwa siku ile,” akasema. “Sisi hapa tunapima yaliyosemwa, na wewe ulisema hukuwa naye.”

Akaeleza kwamba ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra, tena ule ambao usingeweza kupatikana mwanzoni. Huu ulikuwepo, ila Msengi mwenyewe aliuficha. Rufaa ikatupwa.

Likabaki ombi la huruma kwa Rais. Baada ya muda mrefu likajibiwa: Kitundu hatanyongwa, atafungwa maisha. Huruma ilimwachia uhai. Haikusema kwamba hakuua.

Ndipo Msengi akaenda mwenyewe kwa askari wa misitu, akaungama habari ya mizinga. Wakamkaripia, wakamwachia siku hiyohiyo. Akatoka hapo akaenda gerezani kumwomba kaka yake radhi. Kitundu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tu kama mama yao amevuna shamba lake. Hakumuuliza kwa nini. Msengi alikuwa amejiandaa njia nzima kulijibu swali hilo, akarudi nalo nyumbani.

Ndugu zangu, wengi wetu tunaukalia ukweli tukiamini kwamba utapokelewa siku yoyote tutakapokuwa tayari kuusema. Ukifika siku hiyo ukakuta walioketi mbele yako hawaulizi tena, wanasoma tu ulichojibu zamani, utawaambia nini?