Mwaka Kipindo Alipoomba Njaa

Paukwa!

Pakawa!

Nasema paukwa, enyi mliouzunguka moto mkadhani ni wenu peke yenu!

Pakawa!

Haya. Aliyeshiba mno alegeze mkanda, maana hadithi ya leo haina huruma na matumbo yaliyojaa.

Hapo kale, kale ile ambayo wanyama walibisha hodi kama watu, palikuwa na kijiji kiitwacho Mkweleni. Watu wake walikuwa wakarimu, lakini ukarimu gani huo! Kwao aibu kubwa haikuwa kuiba wala kusema uongo. Aibu kubwa ilikuwa kutia tonge kinywani huku jicho la mwingine linatazama. Mgeni akipita, alilishwa. Mbuzi akipita, alitupiwa maganda. Hata kunguru akitua uani, mtu alimega ugali akamrushia, ndipo naye akala kwa raha.

Katika kijiji hicho aliishi Siwatu, mjane asiye na mtoto, pamoja na Bi Mashavu, mama wa marehemu mumewe. Siwatu ndiye aliyelinda ghala la mbegu. Vikapu kumi na viwili vya mtama, mbegu ya kijiji kizima! Mvua ikianguka, Siwatu hufungua mlango, kila nyumba ikapata fungu lake ikapande. Mbegu ikipotea, Mkweleni hailimi. Isipolima, haili. Hayo ndiyo yaliyokuwa mikononi mwa mwanamke huyo mmoja.

Mwaka huo panya wakazidi. Walitoboa ukuta, wakatoboa vikapu, wakaanza kula mchana kweupe. Siwatu akaona haya, akaingiwa na hofu, akafunga kanga kiunoni akaenda msituni mpaka kijitoni anakokaa Mama Chatu.

"Hodi, Mama Chatu!"

"Karibu, binti. Mguu huu ni wa heri?"

"Si wa heri, mama. Panya wananimalizia mbegu."

Mama Chatu akafikiri. Kisha kwa mkia wake akamsogeza mbele mwanawe wa mwisho, hajanenepa hata kuushinda mkono wa mtoto.

"Mchukue huyu, Kipindo. Lakini nisikilize. Mpe panya mmoja, asiuzidi unene wa tumbo lake mwenyewe. Kisha ngoja. Uvimbe ukiisha tumboni, bado ngoja. Siku ya kumi ndipo umpe mwingine. Akila asishikweshikwe. Akiwa anavua ngozi, asipewe kitu."

Siwatu akashika kifua. "Siku kumi! Mtoto mdogo hivi?"

"Siku kumi. Na tena, siku yake ya kula iwe siri yako na yake. Panya haogopi chatu, binti. Panya anaogopa kutojua kama chatu ameshiba. Siku wakijua ameshiba, umekwisha."

Siwatu akaahidi, akamvingirisha Kipindo shingoni, akarudi naye, akamweka ghalani.

Na kweli, mambo yalinyooka. Siwatu alimtegea panya mmoja, akampa. Kipindo akamkumbatia, akammeza, akajikunja pembeni na uvimbe wake tumboni, kimya. Siku ya kumi akampa wa pili. Siku ya kumi nyingine, wa tatu. Huko nje panya walipita mlangoni kwa ncha za vidole.

"Leo ndiyo siku yake?"

"Sijui."

"Kesho je?"

"Sijui."

"Basi tuhame!" Wakahama, na watoto wao mgongoni. Mtama ukatulia vikapuni, Siwatu akalala usingizi aliousahau.

Lakini, jamani, binadamu! Siku moja Siwatu anapepeta unga, akaja Mzee Ngwali, mrina asali.

"Siwatu, binti yangu, wewe unakula?"

"Nakula, mzee wangu. Karibu nawe ule."

"Mtoto anakufa njaa, nawe unakula?"

Siwatu akashtuka, ungo ukamponyoka. "Mtoto gani?"

"Kipindo! Nimeambiwa humlishi."

"Anakula siku yake, mzee."

"Siku gani?"

"Siku yake." Angesema nini zaidi? Siri ya mtungi aijuaye kata, na Siwatu alikuwa ameahidi. Mzee Ngwali akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kesho yake akaja Bi Tabu, mfinyanzi, udongo bado uko viganjani.

"Mtoto anakufa njaa, nawe unakula?"

"Anakula siku yake, shoga."

"Siku gani?"

"Siku yake."

"Ah! Asiye na mwana aeleke jiwe. Wewe umeeleka nyoka, na huyo nyoka mwenyewe unamnyima! Ungekuwa umezaa ungejua."

Neno hilo lilimchoma Siwatu, usimwambie mtu. Aliingia ndani akalia.

Siku ya tatu hakuja mtu. Ubaya ulitoka humo humo nyumbani. Bi Mashavu alikaa mbele ya sinia, akamega tonge, akalitazama, akalirudisha.

"Mama, mbona huli?"

"Mtoto anakufa njaa, nami nile? Sitii kitu kinywani, mwanangu, mpaka yule mtoto ale."

"Anakula siku yake, mama."

"Siku gani?"

Siwatu akamsogezea sinia. Bi Mashavu akasukuma sinia. Jioni akasukuma sinia. Kesho yake akasukuma sinia, na mifupa ya mabega ikaanza kuonekana. Siwatu akaona sasa ataua mkwe kwa ajili ya nyoka! Alasiri ile akanyakua kifaranga kimoja, akaenda mbio mpaka ghalani, akakisukumia ndani kwa kidirisha huku ameangalia pembeni.

"Kimoja tu," akajiambia. "Kimoja kitamdhuru nini?" Akarudi, akamwambia mkwewe mtoto ameshakula, na mama wa watu akala mpaka akalamba vidole.

Siku ya pili yake, asubuhi, mvua ikaanguka. Mvua ya kwanza! Watu wakapiga vigelegele, wakashika majembe, wakamfuata Siwatu ghalani wachukue mbegu. Siwatu akatia ufunguo. Akasukuma mlango.

Lo! Lo, jamani, lo!

Mimi mwenyewe niliposimuliwa nilishika kichwa kwa mikono miwili. Panya walikuwa wamekaa juu ya mgongo wa Kipindo! Wamekaa, wanapiga soga! Panya mmoja jike amezaa, watoto amewalaza ndani ya pindo la mwili wa Kipindo kama kitandani. Na Kipindo mwenyewe amevimba hapa, amevimba pale, amevimba kule, hawezi hata kugeuza shingo.

Siwatu akapiga ukelele. Panya wakatawanyika hata miguuni mwa watu. Akakimbilia kikapu cha kwanza, makapi. Akakimbilia cha pili, makapi. Akainua, akapindua, akatikisa, makapi, makapi! Kikapu kimoja tu kilibaki, tena nusu, kile ambacho Kipindo alikuwa amekilalia kwa uzito wake, panya wakashindwa kumwondoa. Siku chache tu za kushiba kwake, jamani, na panya wote wa mbuga walikuwa wamealikana na wajomba zao!

Kabla watu hawajavuta pumzi, Kipindo akafumbua kinywa akaanza kutapika. Kikatoka kifaranga, kizima na manyoya yake. Siwatu akafunika uso. Akatoka njiwa.

"Njiwa wangu!" akasema Bi Tabu, na mara akajiziba mdomo.

Akatoka kuku mzima, na kishungi chake kichwani. Watu wote wakamgeukia Mzee Ngwali, maana kuku mwenye kishungi kijijini alikuwa wake peke yake.

"Nilimhurumia," akasema Mzee Ngwali.

Mwisho kikatoka kipande cha paja la mbuzi, kimekatwa kwa kisu, kimetiwa hata chumvi. Hakuna aliyeuliza. Bi Mashavu alikuwa ameshaketi chini, mkono shavuni.

"Mama! Na wewe? Wewe uliyekataa kula?"

"Nilimpelekea fungu langu, mwanangu. Ningefanyaje?"

Kipindo akainua kichwa kidogo. "Mama Siwatu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mgonjwa, "nisamehe. Sikuomba hata kimoja. Kila kilichoingia kwa kidirisha kilinijia mpaka kinywani, na mimi nikiguswa mdomo nameza, ndivyo nilivyoumbwa. Panya wakaona nimeshiba kila siku. Ninyi watu, kwa wema wenu, naomba njaa. Niacheni na njaa yangu."

Watu wakatazamana. Nani aliwahi kusikia mtoto anaomba njaa?

Siwatu akafuta machozi, akauliza jambo alilopaswa kuuliza tangu mwanzo. "Jamani, nani aliyewaambia kwamba simlishi?"

"Buku," akasema Mzee Ngwali.

"Buku," akasema Bi Tabu.

"Si Buku?" akasema Bi Mashavu.

"Buku yupi? Buku panya?"

"Panya, ndiyo," akasema Bi Tabu, "lakini Siwatu, ungeyaona machozi yake!"

Ebo! Panya! Mkubwa wa panya aliingia nyumba hii na nyumba ile, akilia kwamba mla-panya hali, akiwaambia aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na hakuna hata mmoja katika Mkweleni yote aliyejiuliza panya ana uchungu gani na tumbo la chatu! Watu wazima, wenye ndevu na mvi! Nasema hivi na bado nashangaa.

Siwatu hakuwatukana. Alisimama mlangoni. "Mimi pia nimo," akasema. "Kifaranga ni changu. Sasa sikilizeni. Nusu kikapu hiki ndiyo Mkweleni yote. Hatupandi leo, maana mvua ya kwanza hudanganya; tunangoja ya pili. Mpaka hapo Kipindo hapewi kitu, tumbo lake lipone. Atakula siku yake, na siku hiyo simwambii mtu, hata wewe mama."

Kazi ilikuwa ngumu, msione. Kulima si kitu. Kupasua kuni si kitu. Kupita mbele ya ghala ukijua ndani kuna asiyekula, hiyo ndiyo iliyowatoa watu wa Mkweleni jasho. Mzee Ngwali alizunguka njia ya kijitoni. Bi Tabu alipita amejifunika kanga usoni, akajikwaa mara mbili. Bi Mashavu alikula ameligeuzia ghala mgongo, na kila tonge alilisindikiza na chozi.

Mvua ya pili ikaja. Asubuhi watu wakakusanyika wagawane nusu kikapu, na Siwatu kabla hajafungua, Buku huyo! Anakuja analia, masharubu yamelowa.

"Jamani! Jamani! Jamani! Mtoto anakufa njaa, nanyi mnakwenda shamba? Hajala tangu lini?"

Watu wakatazama chini.

"Buku," akasema Siwatu huku akifungua mlango, "ingia basi umtazame."

Buku akacheka moyoni. Aliwajua Mkweleni. Mmoja wao lazima atakuwa amelegea, kama si huyu basi yule. Watu hawa hawajawahi kuacha hata kunguru. Akaingia kwa maringo, akapanda mgongoni kwa Kipindo kama desturi yake, akaita kutoka ndani:

"Mzee Ngwali, babu yangu, safari hii ulimpa kuku gani?"

"Sikumpa."

"Bi Tabu, shangazi, njiwa je?"

"Sikumpa."

Buku akahisi kitu kinasogea chini yake, polepole.

"Bi Mashavu! Wewe mama mwema, wewe huwezi, najua huwezi!"

"Nilikula nimempa mgongo, mwanangu," akasema Bi Mashavu.

"Siwatu!"

Siwatu akavuta mlango, akaufunga. Wakamsikia Buku akilia, na watu wa Mkweleni, waliokizoea kilio chake, wakashtuka wote kwa pamoja: mara hii analia kweli.

Baadaye waligawana mbegu, konzi moja kila nyumba, wakaenda kuipanda bila kusema neno.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni niimeze mwenyewe.