Ngwe Isiyokauka

Inasimuliwa, na Mola ndiye Mjuzi wa yaliyopita, kwamba katika mji mmoja wa kale uliopakana na jangwa palikuwa na shamba la wakfu. Tajiri mmoja aliliacha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, likagawanywa ngwe ndogondogo, na kila mnyonge akapewa ngwe yake alime matikiti, bamia na vitunguu, ale yeye na wanawe. Maji yalitoka kisima kimoja, yakaenda kwa zamu, leo mfereji wa huyu, kesho wa yule. Na watu wale walikuwa na adabu yao: jirani anapomwagilia, wewe unampa mgongo, usije ukayatazama maji yake kwa jicho la husuda. Adabu nzuri, wala siibezi. Lakini subirini.

Miongoni mwao alikuwamo mja mmoja aitwaye Sufiani bin Hatimu, mtu wa jembe lake na swala zake, hana makuu. Mwaka huo jua liliwaka, kisima kikapungua, na ngwe za watu zikageuka rangi ya majivu. Ya Sufiani ikazidi kunawiri. Matikiti yakajaa mpaka yakawa yanasukumana, na bamia zikampita kimo aliyezipanda. Watu wakaanza kunong'ona, kisha wakaacha kunong'ona, wakasema waziwazi kwamba Sufiani ni walii. Wakawa wanakuja kuchota udongo wa ngwe yake, huyu wa jino, yule wa mtoto asiyelala, hata Sufiani akachelea kwamba shamba lote litahamia mjini konzi kwa konzi.

Naye mwenyewe alichanganyikiwa. Msidhani nasema hivyo kwa kumpamba kwa unyenyekevu, alichanganyikiwa kwelikweli. Alijikagua ndani na nje asione kitu. Swala za usiku zilimpita. Funga za sunna alizianza, njaa ikamzidi akazikatisha. Mwisho akamwendea mkewe, Bibi Umaima, akamkuta anachambua mboga.

"Mke wangu, wewe ndiye unayenijua. Umewahi kuniona na jambo lolote la kiwalii?"

"Mawalii ninaowasikia mimi husimama usiku kuswali," akasema Umaima. "Wewe hukoroma mpaka jogoo anaona haya."

"Basi ngwe inapata wapi maji?"

"Mwulize aliyeipa."

Akamwuliza. Kila sijida alisema, "Mola wangu, ikiwa hii ni neema nijulishe nikushukuru, na ikiwa ni mtihani nijulishe nisiangamie." Jibu halikuja. Yalikuja matikiti zaidi.

Lililomzidishia kizunguzungu ni ngwe ya jirani yake, Bibi Sakina. Huyu alikuwa mjane, macho yameshaingia ukungu wa uzee, na kwa ucha Mungu hakuna aliyebisha kwamba ndiye wa mbele yao. Ngwe yake ndiyo iliyokauka kwanza. Sufiani akawa anajiuliza, kama ardhi hutambua wema, mbona imekosea mlango?

Basi asubuhi moja alikuwa anang'oa vitunguu. Zamu ya maji ilikuwa ya Bibi Sakina, naye Sufiani amempa mgongo kama ilivyo ada. Aking'oa kitunguu, shimo linajaa maji. Aking'oa kingine, linajaa tena. Akatega sikio, akasikia maji yakibubujika chini ya miguu yake. Akasimama pale hajui ashike lipi, adabu au ukweli. Mwishowe akageuka.

Maji ya mjane yalishuka mfereji wake vizuri, yakafika penye tuta la mpaka, na hapo, chini ya nyasi kavu, yakazama kwenye tundu la fuko, yule mnyama mchimba ardhi. Yalikotokea ndiko huku kwake. Bibi Sakina amesimama juu ya matuta yake makavu, ameegemea fimbo, midomo inavuta uradi wa istighfari.

Nafsi ikamwambia Sufiani, ziba tundu kimyakimya, kwani sitara ni jambo la kheri, na imani za watu usizivunje. Naye alikaribia kuikubali, maana siku hiyo ilizungumza kama mwanachuoni.

"Ni wewe, Sufiani mwanangu?" akauliza mjane. "Vyema umegeuka. Nilitaka kukuaga. Kesho nairudisha ngwe kwa msimamizi wa wakfu."

"Kwa nini, mama?"

"Ardhi imenikataa. Wewe umebarikiwa, mimi nimegeuziwa uso. Nimeitafuta dhambi yangu tangu mvua zilipokatika, nimeomba msamaha hata kwa nisiyoyakumbuka. Niombee, walii wa Mungu, nijue nilimkosea nini."

Sufiani machozi yakamtoka. Akaishika ncha ya fimbo yake, akamwongoza mpaka kwenye tuta, akamwambia aingize mkono tunduni.

"Hukukosea kitu, mama. Ni fuko. Maji yako yote yamekuja kwangu. Mimi si walii, mimi nimekula haki yako bila kujua."

Mjane akauacha mkono tunduni, maji yakimpita vidoleni.

"Fuko?"

"Fuko, mama."

"Si Yeye?"

"Si Yeye."

Akalia, na katika kulia kwake akawa anacheka, hata Sufiani asijue ampe pole au hongera. Sufiani akataka kumkabidhi mavuno yote. Mjane akakataa. "Mbegu zako, maji yangu," akasema. "Tule pamoja." Wakaliziba tundu, na ngwe ya mjane haikurudishwa kwa msimamizi.

Baada ya swala ya alasiri Sufiani alisimama msikitini akaeleza kila kitu. Wengine waliondoka wamenuna. Yule wa jino aliapa kwamba jino limepona, kuwe na fuko kusiwe na fuko. Umaima alipopata habari alisema, "Afadhali. Walii angenichosha."

Ndugu zangu, kumpa jirani mgongo ili usimhusudu ni adabu. Lakini mja yule alimwomba Mola jibu katika kila sijida, na muda wote jibu lilikuwa nyuma yake, limeegemea fimbo, linaomba msamaha kwa dhambi lisiyoitenda. Mola atujaalie kugeuka kabla jirani hajatuaga.